Ile mistari mitatu juu ya pindo si mapambo

"Fundi, mshonee kubwa kidogo, akue nalo." Kila Idi ikikaribia tunaisikia hiyo, na Desemba tunaisikia tena. Mzazi tunamwelewa: kitambaa bei juu, na mtoto hakai na kimo kimoja. Shida ya gauni la kukulia ni kwamba mwaka wa kwanza mabega yanamporomoka na pindo analikanyaga mwenyewe, na mwaka wa pili, likishafika saizi yake, limeshapauka. Siku ya kumkaa sawasawa haiji.

Sisi tunashona vingine. Mabega na kifua tunakata kwa vipimo vya leo. Urefu wa akiba tunauficha kwenye mikunjo iliyoshonwa kuizunguka sketi, juu kidogo ya pindo; ndiyo ile mistari mitatu. Mkunjo wa sentimita 2 unameza sentimita 4 za kitambaa, maana kitambaa kinakwenda na kurudi, kwa hiyo mikunjo mitatu imebeba sentimita 12. Mtoto akirefuka, tunafumua mmoja. Wapo wateja wanaodhani ni urembo, na yupo mama mmoja aliyetuuliza kwa upole kama tulikosea kupima.

Hatukuibuni sisi. Uingereza ya Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, mikunjo hii ilikuwa jambo la kawaida kwenye magauni ya watoto na sketi zao za ndani. Na kule ilibeba kazi mbili. Msichana mdogo sketi yake iliishia karibu na magoti. Umri ulivyopanda, pindo nalo lilitakiwa lishuke, hata akifika miaka 16 hivi liwe linakaribia vifundo vya miguu. Kwa hiyo hata asingerefuka sana, gauni la mwaka jana lingeonekana la kitoto. Kufumua mkunjo kulimaliza yote mawili.

Wavulana nao walivaa magauni. Ndiyo, wavulana, tena wa matajiri, mpaka miaka minne au zaidi, ndipo wakavishwa suruali. Sababu mojawapo fundi wa nguo za watoto hahitaji kuelezwa: suruali ya vifungo na mtoto ambaye bado anajikojolea haviendani.

Hebu fikiria kazi yenyewe kabla ya cherehani. Sketi yenye mzunguko wa mita 2 ikiwekwa mikunjo mitatu ni mita 6 za kushona kwa mkono, mishono midogo midogo, usiku, kwenye mwanga wa mshumaa. Cherehani ya Singer ilipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1851, na mashine zilipoingia majumbani mkunjo ukawa kazi rahisi. Hapo watu wakaanza kuirundika hata pasipo na haja, kwa kupendezesha tu. Labda ndiyo maana wateja wetu nao wanaona urembo.

Sasa niwaambie ubaya wake. Mwaka fulani nilifumua mkunjo wa gauni la bluu lililokuwa limevaliwa na kufuliwa vya kutosha. Kitambaa kilichojificha ndani kilitoka na bluu yake ya dukani, sketi yote iliyobaki imepauka. Mkanda mzima unazunguka kama reli! Mama mtoto alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko maneno. Tuliufunika mkanda kwa utepe mweupe. Mafundi wa enzi ile nao waliziba alama za namna hiyo kwa utepe na vigwe.

Tangu hapo kitambaa cha pamba tunakifua kabla ya kukikata, rangi inayochuja tunaikataa, na mkunjo tunaushona kwa mshono mrefu uliolegea ili ufumuke bila kukwaruza nguo. Satini hatuiwekei mikunjo kabisa, maana matundu ya sindano hayafutiki hata kwa pasi. Na mkunjo hauongezi kifua. Kwa hilo tunaacha kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavuni, kinachotosha kuachia mara moja.

Kufumua hatutozi, mradi gauni tumelishona sisi. Lilete likiwa limefuliwa, na mtoto aje nalo, kwa sababu tukikisia kimo tutafumua miwili pale ulipotosha mmoja. Utepe, ukihitajika, ndio wa kulipia.