Faini ya dereva si fidia ya majeruhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wasaidizi wa kisheria hukutana nalo kila mara hapa Morogoro, mji unaopitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam na ambao kwa sababu hiyo hupokea majeruhi wengi wa mabasi, malori, daladala na bodaboda. Wengi wao wakishasikia kwamba dereva aliyewagonga amefikishwa mahakamani, amekiri kosa na kulipa faini, huamini kuwa shauri limekwisha na hawana tena cha kudai. Imani hiyo si sahihi, na imezifanya familia ziuze mashamba na mifugo kugharimia matibabu ambayo kisheria yalipaswa kulipwa na mwingine.

Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini yake huingia serikalini. Aliyevunjika mguu haimfikii hata senti moja. Fidia hudaiwa peke yake, na anayeidai ni majeruhi mwenyewe, dhidi ya dereva na mwenye chombo. Ni kwa ajili hiyo sheria inakataza gari au pikipiki kuingia barabarani bila angalau ile bima ndogo, ya mtu wa tatu, inayomkinga mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli na abiria aliyelipa nauli. Malipo hayo si hisani ya mwenye gari wala ya kampuni ya bima. Hata hivyo kesi ya trafiki isipuuzwe, kwa kuwa hukumu iliyomtia dereva hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi mzito mno katika shauri la fidia, na nakala yake inafaa kuombwa mahakamani mapema.

Mambo mengi huharibika katika siku chache za mwanzo. Ajali iripotiwe polisi na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ichukuliwe, ndugu mmoja akiifuatilia wakati mgonjwa akiendelea kuhudumiwa. Mwenye simu apige picha za namba za usajili na mahali vyombo viliposimama kabla havijaondolewa, na aandike majina na namba za mashuhuda, maana baada ya wiki mbili hawapatikani tena. Kwa namba ya usajili pekee, mtu yeyote anaweza kuangalia katika mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kama chombo kilikuwa na bima hai na ya kampuni gani. Risiti zote zitunzwe, za dawa, za vipimo, hata za gari lililokodiwa kumpeleka mgonjwa kliniki, pamoja na uthibitisho wa kipato alichokosa akiwa kitandani.

Linaloniumiza zaidi ni hili la kumalizana. Wodini nilimkuta kijana fundi ujenzi, mguu umeshikiliwa kwa vyuma vya nje, na chini ya mto wake kulikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye daftari, ulioandikwa kwa mkono kwamba amepokea shilingi laki tatu na kwamba "hana madai mengine", kisha dole gumba lake likagongwa kwa wino wa bluu. Siku aliyogonga dole hilo daktari alikuwa bado hajasema kama atahitaji upasuaji wa pili. Simlaumu, kwa kuwa alikuwa na njaa na maumivu, na mwenye chombo alikuja na fedha mkononi. Lakini nawasihi wasomaji: pokeeni msaada wa matibabu mkipewa, na uandikwe hivyo hivyo kuwa ni msaada wa matibabu, wala msitie saini karatasi yoyote ya kufunga madai, iwe ya mwenye gari au ya kampuni ya bima, kabla matibabu hayajakamilika na daktari hajaandika kiwango cha ulemavu wa kudumu.

Wakati huohuo, kusubiri kuna mwisho. Shauri la madhara ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali itokee, na mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo. Aliyeumia akiwa kazini, kama vile kondakta au dereva aliyeajiriwa, ana haki pia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri aarifiwe mara moja. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, badala ya kuwaachia nyaraka zake vishoka wanaozunguka hospitalini wakiahidi kumfuatilia fedha.

Kwa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, nina ombi moja. Askari anayempatia majeruhi PF3 anaweza siku hiyohiyo kumwandikia jina la mwenye chombo, kampuni ya bima na namba ya bima, na kumweleza kwa mdomo kwamba kesi ya dereva na dai lake la fidia ni mambo mawili. Taarifa hizo tayari zimo kwenye jalada la ajali, na majeruhi wengi huzihangaikia kwa miezi.

Msaidizi wa Kisheria,
Morogoro