Maharage ya Sosi ya Nyanya kwa Ajili ya Rukia

Leicester, Uingereza
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe, baba Rukia, watoto na bibi yao. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza kubisha hodi.

Ujumbe wako nimeupata. Pole sana, mwenzangu. Mtoto anakula lakini anakonda, tumbo limejaa, damu inapungua kila akipimwa, na watu wanakwambia ni minyoo tu. Alhamdulillahi, sasa ugonjwa umejulikana, ni siliaki, utumbo kudhuriwa na gluteni, na dawa yake ni chakula kisicho nayo. Mimi tangu Yusufu wangu agundulike na siliaki, kinachoniuma zaidi ni pale mtoto anapoona sahani yake imetengwa na za wenzake. Kwa hiyo uliponiambia Rukia amelilia maharage ya kopo ya sosi ya nyanya, yale wanayoyaita baked beans, aliyozoea kula asubuhi, nikasema hili nitakuandikia kwa kirefu. Maharage hayo anaweza kuyala, na nyumba nzima mkala naye kutoka sufuria moja.

Maharage yenyewe hayana gluteni. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka nyingine jamii ya ngano. Penye hatari ni kwenye sosi. Makopo mengi ya huku sosi yake huwekwa uzito kwa wanga wa mahindi, na huo hauna neno. Lakini wako watengenezaji wanaotumia unga wa ngano, na wengine hutia siki ya kimea, ambayo hutokana na shayiri. Sosi ya Worcestershire, ambayo Waingereza hupenda kuidondoshea humo, ya huku ina siki hiyohiyo. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Huku sheria inataka ngano na shayiri ziandikwe kwa herufi zinazojitokeza kwenye orodha ya viambato, na bidhaa haiitwi isiyo na gluteni mpaka gluteni yake isizidi miligramu 20 kwa kilo. Huko Tanga kopo moja limetoka nchi hii, jingine nchi ile, na maandishi mengine hata huyasomi. Usilolielewa liache dukani. Pika mwenyewe.

Tafuta maharage meupe madogo, nusu kilo. Yakikosekana, chukua ya njano. Rangi ya sosi itakuwa nzito kidogo, ladha haiharibiki. Yachambue kwenye sinia, na hapa usiwe na haraka. Sokoni pishi lilelile linapima maharage na ngano, kwa hiyo hutoa mawe kama ulivyozoea na pia unatafuta punje ya ngano iliyojificha. Yaoshe maji mawili matatu, kisha yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya yayapite maharage vidole vitatu, bandika.

Moto wa kwanza uwe mkali, yatokote kwelikweli si chini ya dakika 10. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, na mekundu ndiyo yenye nyingi zaidi. Moto wa pole pole peke yake hauiondoi. Baada ya hapo punguza moto, yaive taratibu. Ukitaka kujua kama yamefika, chota machache kwenye kijiko uyapulizie: ngozi ikijikunja na kubanduka, yameiva ya kutosha kwenda kwenye sosi. Yaepue, lakini supu yake usiimwage.

Nyanya na siki zisitangulie. Asidi huifanya ngozi ya haragwe igome, na ukizitia mapema utachochea kuni hadi adhuhuri na bado yanakwaruza ulimi. Kwa hiyo sosi ipike pembeni. Kaanga kitunguu kikubwa kimoja kwa mafuta kidogo hadi kilainike bila kuungua, tia punje mbili za kitunguu saumu, kisha nyanya zilizoiva saba au nane ulizozimenya na kuzisaga. Ongeza vijiko viwili vya nyanya ya kopo na uache zikauke mpaka mafuta yaanze kujitenga. Hapo tia vijiko viwili vya sukari guru iliyoparwa, kijiko kimoja cha siki nyeupe au siki ya tufaha, chumvi, pilipili manga, karafuu mbili na kipande kidogo cha mdalasini. Yusufu hapendi mdalasini uzidi, nami nakubaliana naye.

Viungo nunua vizima utwange nyumbani. Vile vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi, vingi vina unga wa ngano wa kuvifanya viwe vizito. Na mvuje, ambao maduka ya Wahindi hapa Leicester wanauuza kwenye vikopo vya njano na watu wanautia kwenye maharage kupunguza gesi, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usishikane. Nani angeufikiria huo?

Sosi ya baked beans lazima iwe nzito na ing'ae, na wengi hapa ndipo wanapokimbilia unga. Wewe chota vijiko vitatu vinne vya maharage yako yaliyoiva, yaponde kwa mwiko mpaka yawe uji, rudisha kwenye sosi pamoja na kikombe cha supu yake. Wanga wake unatosha. Unga wa mahindi wa mashine ya kusagia nakuomba uuogope, kwa sababu mashine ileile imesaga ngano ya mtu mwingine dakika chache kabla yako.

Changanya kila kitu, funika, tia kwenye oveni nyuzi 150 kwa saa moja na nusu. Kama huna oveni, unayo mbinu ya nyumbani tangu zamani: mkaa kidogo chini, mwingine umepaliwa juu ya mfuniko. Funua katikati ukoroge. Yakikauka ongeza supu. Mwishowe sosi inashika kila haragwe na pembeni mwa sufuria inaganda rangi ya kahawia, na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Waingereza waliyajua maharage haya kutoka Marekani; mwaka 1886 yaliuzwa kwenye duka la Fortnum & Mason, London, kama kitu cha anasa. Siku hizi ya kopo huivia ndani ya kopo kwa mvuke, hayaoni oveni. Yako yatakuwa yameokwa kweli.

Huku wanakula na tosti. Rukia mpe mkate wa kumimina, maana ni mchele, nazi, sukari na hamira, na utamu wake na sosi hii, shoga, utaniambia. Upike mwenyewe. Vitumbua vya kununua uliza kwanza, baadhi ya wapishi huchanganya unga wa ngano.

Sasa kuhusu bibi yake kusema kidogo tu hakimdhuru. Najua anasema kwa mapenzi. Mwambie kwa upole kwamba makombo ya mkate yanatosha kuuchokoza utumbo wa mtoto, hata kama hatalia tumbo siku hiyo. Daktari mmoja Mholanzi, Willem Dicke, alishaonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo inayowadhuru watoto hawa, kwa hiyo si mambo ya madaktari wa leo. Mnunulie Rukia mwiko wake mpya wa mbao na chujio lake, maana chujio la tambi halisafishiki likaisha. Siagi yake iwe na kopo lake, kisu chenye makombo kisiingie humo. Na siku ya chapati, maharage yake yawe yameshafunikwa kabla unga haujamwagwa kwenye kibao. Vumbi la ngano linaruka na kutua kila mahali.

Yanayobaki weka kwenye friji, siku tatu nne hayaharibiki. Nusu kilo inatosha nyumba yenu na bado akabeba shuleni.

Na Salim, ndugu yake Rukia, je, amepimwa? Ndugu wa tumbo moja na wazazi wa mwenye siliaki, karibu 1 kati ya 10 naye huwa nayo, na wengine hawana dalili yoyote. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukichokozwa na gluteni, na hizo hupungua mtu akiacha gluteni, majibu yakaja safi kumbe ugonjwa upo. Kwa hiyo Salim usimwachishe mkate mpaka atolewe damu. Nawe na baba Rukia mpimwe pia. Nijulishe majibu yakitoka.

Nisalimie wote, bibi hasa.

Wako,
Mama Yusufu