Siku 11 zisizo na vocha

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Somo yangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma ndani ya mwendokasi, nimesimama tangu Kivukoni, na nilipopata kiti Magomeni nikausoma tena. Hongera kwa ufawidhi wa wodi. Najua ulivyousubiri. Lakini macho yangu yalibaki pale chini, uliposema baba watoto ameanza kukuita mgeni wa usiku, na kitinda mimba wako hataki tena kulala kwako. Ukaniuliza, "Somo, wewe unawezaje?" Nimeona nikujibu kwa karatasi, maana kwenye simu ningekwambia tu namshukuru Mungu, tukaishia hapo.

Sikuwa naweza. Kwa muda mrefu nilikuwa narudi nyumbani watu wamelala, na wewe hukujua kwa sababu sikukwambia.

Unakumbuka Mama alipopata kiharusi nikamleta kwangu. Upande wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakampotea. Kila aliyepiga simu kumjulia hali nilimwambia, "Yuko kwangu, namuuguza." Nilikuwa simuuguzi, somo. Aliyekuwa akimuuguza ni binti anayetusaidia. Mimi nilikuwa ofisini, kule mjini eneo la Posta, mpaka saa 3 usiku.

Sababu nilikuwa nazo, tena za kueleweka. Wahasibu tunaishi kwa tarehe. Kodi ya mishahara iwe imelipwa kufikia tarehe 7, ritani ya VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, iwe imeingia tarehe 20, na mwisho wa Juni hesabu za mwaka zinakudai usingizi wako wote. Halafu dawa zinataka pesa, pempasi zinataka pesa, binti naye ana mshahara wake. Nikisema niko kazini kwa ajili ya Mama, nani angenibishia? Hata mimi sikujibishia.

Kilichonishtua ni jioni moja ya kawaida. Nilimaliza kazi saa 11 na nusu, mezani hakukuwa na kitu. Nikafungua faili la mwezi uliopita, mwezi tulioshaufunga, nikaanza kusawazisha upya hesabu za benki ambazo zilikuwa zimelingana mpaka senti. Ghorofa nzima niko peke yangu. Mlinzi akapita mara ya pili, akaniuliza kwa upole, "Dada, bado sana?" Nikaona aibu. Sikuwa na la kumjibu.

Kesho yake nikanunua daftari dogo, la shule. Kwa mwezi mzima nikaandika vitu vitatu: saa niliyotoka, kilichonibakiza, na nilichokuwa nakisikia moyoni wakati naamua kubaki. Hicho cha tatu kilinipa tabu. Siku za mwanzo niliandika "uchovu", "uchovu", "uchovu". Lakini mtu aliyechoka huenda kulala, habaki kuhesabu vilivyokwisha kuhesabiwa. Nikalazimika kutafuta neno la kweli.

Mwezi ulipokwisha nikakaa na daftari kama ninavyokaa na vitabu vya kampuni. Siku za kazi 22. Siku nilizochelewa kutoka 17. Kati ya hizo, zilizodaiwa na tarehe 7 na tarehe 20 zilikuwa 6. Zikabaki 11. Unanijua, siwezi kuona malipo yasiyo na vocha, ile hati ya kuyathibitisha, nikanyamaza. Siku 11 zimetoka, hazina hata karatasi moja ya kuzitetea, na mbele ya nyingi katika hizo nilikuwa nimeandika neno moja: "naogopa".

Nilikuwa namwogopa Mama. Naandika na mkono unatetemeka, lakini ndiyo hivyo. Niliogopa kumwona mwanamke aliyeuza samaki akatusomesha, anafutwa mdomo. Ofisini nilijua cha kufanya. Nambari ikikataa, naitafuta mpaka naipata, na watu wananishukuru. Nyumbani sikujua hata nikae upande gani wa kitanda. Kwa hiyo kila jioni nilichagua mahali ninapoweza, nikapaita wajibu.

Bosi wangu sikumwelewa vibaya siku zile, nilimsingizia. Hakuwahi kuniambia nibaki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na zaidi ya hapo ni kwa makubaliano. Wiki moja katika daftari langu ilikuwa na saa 62, na hakuna aliyekubaliana nami chochote. Tena wewe muuguzi huenda unalijua hili: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Nilisoma hayo Mama amelala chumba cha pili. Nilifunga simu, nikakaa gizani.

Sitaki nikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Jioni ya kwanza niliyowahi kurudi, nilichukua bakuli la uji nimlishe mwenyewe. Mama akageuza uso, akamtazama binti. Somo, niliumia. Nilitoka nikasimama jikoni nimeshika bakuli lile. Binti akanifuata, akaniambia, "Dada, usimkimbize." Akanionyesha: mkalishe wima, uji uwe mzito, kijiko kidogo cha chai, kidevu kiiname kidogo, halafu subiri mpaka uone amemeza ndipo upeleke kingine. Bakuli moja linachukua karibu saa nzima. Nilifundishwa na binti wa miaka ishirini namna ya kukaa na mama yangu, na nitamshukuru mpaka nakufa.

Sasa natoka saa 11. Zile siku 6 au 7 za kila mwezi zinabaki kuwa za ofisi, na nyumbani wanazijua, nimezizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Siku hizo nabaki bila dhamira kunisuta, na kazi inakwenda vizuri kuliko zamani. Lakini nimelipia. Walipotafuta mtu wa kusimamia mfumo mpya wa hesabu, kazi ya miezi mingi na safari za mikoani, nilisema siwezi kwa sasa. Akapewa mwenzangu niliyemfundisha mimi. Iliniuma, na kuna asubuhi bado inauma ninapompita mezani kwake. Naipenda kazi yangu, na sioni kwa nini nijifanye siipendi ili nionekane mama au binti mwema.

Ndiyo maana sitakwambia uache ufawidhi, wala usimruhusu mtu akwambie hivyo kabla hujajitazama mwenyewe. Huenda kwako mambo ni kinyume cha kwangu. Huenda wodi inakuhitaji kweli, wauguzi ni wachache, na anayepaswa kusogea kidogo ni baba watoto. Muulize tu kama anajua kupika uji. Ila nina swali moja, na usinijibu haraka: ukishakabidhi zamu, ripoti umetoa, mwenzako ameshika wodi, unabaki pale kwa ajili ya mgonjwa gani? Kama yupo, mtaje. Kama hayupo, niandikie kilichopo. Mimi sitakucheka wala sitakuhukumu, nimeshajisomea daftari langu.

Mvua ikipungua nataka nije Tanga na Mama. Daktari amesema safari anaiweza tukisimama njiani mara kwa mara anyooshe miguu. Nimemwambia leo mchana nilipokuwa nafungua daftari hili nikuandikie. Nikamwuliza, "Mama, nimpe salamu gani?" Alihangaika na midomo yake, mimi nikatulia, sikumkimbiza. Akasema "So", akapumzika, akasema tena "So-mo." Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani, upande mmoja wa uso.

Basi pokea salamu zako.

Ni mimi,
Somo yako