Kumbeba mwanangu mgongoni si aibu

Mhariri,

Mimi ni fundi seremala hapa Manyatta, Kisumu. Mke wangu ni muuguzi. Miezi mitatu ya likizo ya uzazi ilipoisha alirudi kazini, nami nikabaki na binti yetu. Alfajiri mama hukamua maziwa, mimi nikamlisha mtoto kwa kikombe. Joto letu la ziwani ni kali, kwa hivyo sikubali maziwa hayo yakae nje zaidi ya muda wa masaa manne.

Akilala ndani, napiga randa uani. Nikienda soko la Kibuye kutafuta misumari, namfunga mgongoni kwa leso, na hapo ndipo maneno huanza. Vijana wa bodaboda hupaza sauti kwamba nimekaliwa chapati, yaani mke amenitawala kwa dawa. Muuza omena mmoja aliniuliza kama mke wangu amefariki. Hata kliniki, nilipompeleka kupimwa uzani, niliambiwa nikamlete mama, ilhali kijitabu kilikuwa mkononi na tarehe za chanjo nazijua kwa kichwa.

Lililoniuma zaidi ni la baba yangu mdogo, aliyesema mbele ya wazee kwamba nimeuaibisha ukoo. Nilimjibu kwa heshima, "Baba, huyu ni damu yangu." Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto wao. Hakunijibu.

Juzi binti yangu aliketi mwenyewe mkekani bila kuanguka. Aliyemshuhudia wa kwanza ni mimi.

Baba wa mtoto mmoja,
Manyatta, Kisumu