Flashi ya ukumbini itazame dari, si uso wa bibi harusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wenzangu wa kamera, pamoja na wazazi wanaotulipa. Hapa Tanga kila msimu wa harusi naona albamu zilezile: paji la uso la bibi harusi linang'aa jasho, na nyuma yake kivuli cheusi kimeganda ukutani. Mwenye albamu analaumu kamera, na kijana naye anakopa pesa anunue bodi mpya ya kamera. Kamera haina kosa. Flashi ndiyo imeelekezwa usoni moja kwa moja.

Ngozi nyeusi inapendeza sana ikipata mwanga mpana. Inua kichwa cha flashi kitazame dari nyeupe, upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 800 au 1600 kwa sababu mwanga mwingi unapotea njiani, kisha uone uso ulivyotulia. Kwa hiyo flashi isiyoinua wala kuzungusha kichwa usiinunue, hata ukipunguziwa nusu bei.

Anayeanza inamtosha flashi ya kurekebisha kwa mkono, kama Godox TT600. Zile za TTL zinazopima mwanga zenyewe hutengenezwa kwa kamera maalumu: Godox yenye herufi C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Ukiivalisha Canon flashi ya Nikon, usitegemee kipimo. Tena TTL yenyewe huchanganywa na gauni jeupe na kanzu. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na sura za watu zinabaki gizani. Hapo ongeza mwenyewe mwanga wa flashi kwa hatua moja (+1). Kasi ya shata nayo, yaani ya pazia la kamera kufunguka na kufunga, kwa kamera nyingi isivuke 1/200 ya sekunde hivi, la sivyo picha itakatwa na mstari mweusi.

Msogelee unayempiga picha. Flashi ya moja kwa moja, umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Anayepiga kutoka mlangoni anamaliza betri bure. Na betri ziwe za kuchaji, aina ya NiMH. Zile za bei rahisi za dukani zinachelewa kuijaza flashi, na pete inavishwa mara moja tu.

Flashi kuukuu za enzi za filamu ziogopeni. Baadhi ya Vivitar 283 za miaka ya 1970 hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye kiatu cha kamera, pale juu flashi inapochomekwa, na kamera nyingi za kidijitali hazikuundwa kuhimili hizo. Fundi aipime kwanza.

Wazazi, kabla ya kutoa malipo ya awali, mwambieni mpiga picha awaonyeshe kazi aliyoifanya ukumbini usiku. Picha za ufukweni Raskazone jua likiwa linashuka hazitoshi, maana pale jua limemfanyia kazi yote.

Nina ombi pia kwa wapambaji na wenye kumbi. Dari ikifunikwa kitambaa cha zambarau, mwanga unaorudi ni wa zambarau, na mashavu ya maharusi yanageuka hivyohivyo. Rangi za sherehe zijazeni ukutani na mezani mpendavyo. Juu ya jukwaa la maharusi, na hatua chache mbele yake tunaposimama sisi, tuachieni kitambaa cheupe.

Mpiga picha wa harusi,
Ngamiani, Tanga