Karo lisilojaa

Ndugu mhariri, asalaam alaykum. Mie mkulima wa mwani hapa Jambiani, kusini Unguja, naomba nafasi kidogo niseme hili la makaro, haya mashimo ya vyoo.

Huku kwetu mtu anajisifu eti karo lake la choo miaka kumi na tano halijajaa hata siku moja, na fundi aliyemchimbia anapata kazi nyumba ya pili na ya tatu kwa sifa hiyo hiyo. Jamani, halijai kwa sababu halina chini! Tofali pembeni tu, chini jiwe tupu, na jiwe letu hili la matumbawe limejaa vitundu, linakunywa kila unachomwaga. Sasa maji hayo machafu yanakwenda wapi? Hayendi Dodoma. Yanakwenda visimani na baharini. Kama huamini njoo siku za bamvua, bahari ikijaa na kisima changu kinapanda, kamba ya ndoo inabaki mkononi ndefu kuliko jana yake, yaani kisima, karo na bahari ni kitu kimoja huko chini.

Zamani tulikuwa kaya chache na mtu anaoga ndoo moja, jiwe likastahamili. Sa hivi hoteli zimepangana ufukweni, mgeni anaoga mara tatu kwa siku, bado jikoni, bado kufua mashuka. Kwenye kamba zangu za mwani za karibu na ufukwe kunaota majani ya kijani kama nywele, yanaukaba mwani, nashinda nachambua mpaka maji yanarudi. Sisemi kila kitu ni karo, kotonii, ule mwani mnene, imetukimbia zaidi kwa joto la bahari hilo tunalijua, ila majani yale yanapenda mbolea na mbolea tunayapa wenyewe kwa makaro haya.

Afu kuna gari la kunyonya makaro. Hoteli moja jirani huliita usiku, siku moja nikamuuliza dereva mwanangu unakwenda kumwaga wapi, akacheka, "Bi mkubwa, kule kule." Kule kule wapi?

Na tusingoje bomba la maji machafu la mjini, mana Mji Mkongwe wenyewe mabomba yao ya tangu enzi za Mwingereza yanamwaga baharini vile vile. Mbona Mombasa, gereza la Shimo la Tewa kando ya hori la Mtwapa, maji ya vyoo vya wafungwa walitengenezewa vitalu vya mimea yapitie humo yachujwe kwanza kabla ya kufika kwenye hori? Gereza limeweza, hoteli ya mabwawa mawili ya kuogelea inashindwa nini?

Ninachoomba wanaotoa vibali ni kidogo tu, mtu aje na tochi kabla karo halijafunikwa, amulike chini aone zege. Hapa nyuma ya kwetu kuna shimo la hoteli mpya limechimbwa wiki hii, jiwe linaonekana kabisa, mfuniko fundi anasema Ijumaa. Anayekuja aje Alhamisi.

Bi Mwani,
Jambiani