Tuwaachie watoto chaki

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni bibi wa wajukuu wanne hapa Ngamiani, Tanga, na kuna jambo limenikaa moyoni. Juzi jirani kamfokea mjukuu wangu eti anachafua baraza, mtoto wa watu kachora samaki na dau kwa chaki tu, chaki yenyewe ukimwagia ndoo moja ya maji inaondoka yote!

Jamani, kipande cha chaki ni kitu kidogo sana lakini angalieni kinavyofanya kazi, mtoto anachora vyumba chini kwenye sakafu anatia namba 1 mpaka 10, anarusha kigae, anaruka kwa mguu mmoja, anainama kukiokota bila kuanguka, hapo miguu inapata nguvu, anajifunza kujizuia asidondoke na namba anazijua bila kufokewa. Yule wa miaka mitatu hawezi kuruka bado, yeye anakoroga mistari tu na ni sawa, vidole vinazoea kushika, kesho penseli haitamsumbua.

Shirika la Afya Duniani linasema wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Sasa wetu wanazipata wapi wakishinda na simu?

Mwenye pumu asikae kwenye vumbi la chaki, na barabarani bodaboda hazina simile, basi wachezee uani jioni jua likipoa. Majirani, naombeni msiwafukuze.

Bibi wa Ngamiani, Tanga